Majimoto wa Mkorosho wa Mpakani

Usiniambie nipoe. Kila ninayemsimulia habari hii ananikatiza na hilo, "Poa, mama, ni wadudu tu," na hapo ndipo ninapozidi kupanda. Wewe tumejuana zamani, unajua nikianza sina breki. Kaa, sikiliza mpaka mwisho, halafu useme unavyotaka.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa niliwachukua wanangu wawili kutoka Nachingwea, ninakoishi na cherehani yangu, nikawapeleka Mandawa, upande wa Ruangwa, kwenye shamba la mikorosho alilotuachia bibi. Siku hizi analilima kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Kwa wanangu yeye ndiye mjomba, na unajua kwetu mjomba si mtu wa kuchezea. Sasa, mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa amepewa kazi ya likizo na mwalimu wake: tafuta wadudu watano wa mazingira yako, wachore, andika wanaishi wapi na wanakula nini. Nilipofungua daftari lake kabla hatujasafiri nikakuta ameshamaliza. Kachora kipepeo, nyuki, mbu, nzi, na mwingine mwenye pembe ambaye sikumwelewa. Nikamuuliza, huyu umemwona wapi? Akanijibu bila hata kuona haya, "Kwenye simu yako, mama."

Nikauchana ule ukurasa. Ndiyo, niliuchana, akalia, na sijutii. Nikamwambia, wewe ni kitukuu wa bibi yangu, hutachora mdudu wa kwenye simu. Twende shamba, utawapata watano kabla ya chai.

Kabla ya chai! Nikikumbuka nilivyolitamka hilo kwa kujiamini, naona aibu.

Lakini ningeachaje kujiamini? Sisi tulikulia chini, kwenye mchanga, pua karibu na wadudu. Asubuhi tukitumwa kufagia uwanja wa bibi, kazi ya robo saa ilituchukua saa nzima, kwa sababu chini ya upenu kulikuwa na vile vishimo vya yule mdudu wa mchangani, fukufuku, vidogo, vya mviringo, mchanga laini kama unga. Tunalala kifudifudi, mmoja anachokoa kwa kijiti cha nyasi, mwingine anaimba kumbembeleza fukufuku atoke, na fagio liko pembeni limesahaulika. Kisimani tulikokwenda kuchota maji kulikuwa na kerengende wekundu na wa buluu, na kila mtoto alikuwa na wake aliyemdai kuwa mali yake. Tulikuwa tukirudi na ndoo nusu, nguo zimelowa, na kipigo tunakijua kinatusubiri. Dundu la kijani tulilifunga uzi mguuni, likazunguka juu ya vichwa vyetu likivuma, mpaka bibi akasema kelele hizo tukazipeleke kwa jirani. Na mchana wa joto, nyenje wakianza kulia huko mitini, ilibidi watu wazima wapaze sauti ndipo wasikilizane.

Halafu kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, bibi alikuwa akitupeleka kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, tunaziba matundu yote kwa majani mabichi, tunaacha moja tu, chini yake tunakinga chungu. Wanatoka wenyewe, wanaanguka wenyewe. Aliwakaanga bila mafuta, kwa mafuta yao, akatia chumvi, tukala na ugali wa muhogo huku mbawa zimetunasa midomoni. Harufu ile ikinijia hata leo nikiwa kwenye cherehani, mguu unasimama.

Lakini mdudu aliyekuwa na cheo pale shambani ni majimoto. Unamfahamu: sisimizi mwekundu wa mitini, anayeshona majani mabichi kuwa kiota, na akikuuma unadhani umemwagiwa maji ya kuchemka. Bibi hakuwa mzungumzaji sana wa Kiswahili, cha kwake alikiokota sokoni, mengine yote alisema kwa Kimwera. Ila hili alilisema kwa Kiswahili ili hata wageni wasikie: "Hawa askari wangu. Hawaombi posho." Sisi watoto hatukuwapenda hata kidogo askari wake. Kila ukipanda mkorosho kuchuma bibo, wanakuvamia kwapani, shingoni, mahali pengine nisipopataja.

Basi mwaka mmoja, mimi na kaka tulichoka. Kulikuwa na mkorosho mmoja karibu na nyumba, mabibo yake manjano, matamu kupita yote, na ndio uliojaa viota. Wazo lilikuwa la kaka, nyasi kavu nilizifunga mimi. Tukawasha mwenge, tukaupeleka kiota baada ya kiota, majani yakawa yanalia pwata pwata na majimoto wanaanguka. Tulikula mabibo siku hiyo mpaka midomo ikachubuka kwa utomvu. Hatukumwambia mtu.

Msimu uliofuata mti ule ulikuja kutusemea. Machipukizi yalikauka ncha, maua yakawa meusi, korosho changa zikatoka na madoa zikasinyaa na kuanguka. Ile mingine yenye majimoto ilikuwa mizima. Bibi alizunguka shina mara mbili, akainama, akaokota kipande cha kiota kilichoungua, akatutazama. Hakupiga. Afadhali angepiga. Alisema wale mbu wa mikorosho, wanaofyonza maua, walikuwa wanaogopa askari, na sisi tumewafukuza askari. Kwa hiyo tuwarudishe.

Siku tatu alfajiri alitupeleka msituni, tumejipaka majivu mikononi mpaka mabegani, na gunia. Saa ile wadudu bado wamejikunyata kwa baridi ndani ya viota vyao. Kaka alipanda juu na kisu, bibi akiwa chini anamwelekeza kwa fimbo, si hicho, kile, hapana, kile pale, na mimi nimekaa kando juu ya kisiki, nimenuna, nauguza vidole. Niliona kama naonewa, wazo halikuwa langu. Tulirudi na gunia linanguruma, bibi akavifunga viota kwenye ule mkorosho, akatandaza kamba za magome ya miyombo kutoka mti hadi mti, ili askari wake watembee wenyewe kwenda wanakotaka. Mwaka uliofuata ule mti ulizaa.

Sasa rudi nami mwezi wa sita. Tumefika, tumelala, tumeamka. Daftari jipya, penseli imechongwa. Nikawaambia wanangu, anzeni chini ya upenu.

Chini ya upenu kuna saruji. Kaka kasakafia mpaka uani, na sawa, nyumba ni yake, lakini fukufuku hakai kwenye saruji. Tukaenda kisimani, siku hizi kuna bomba, na pale maji yalipokuwa yakituama wamefukia. Kichuguu kimechongwa kwa ajili ya matofali. Tukaingia mikoroshoni, mstari kwa mstari, majani yote meupe kwa unga wa salfa, dawa anayopulizia kaka, chini pamefagiliwa safi, na kimya. Nasema kimya, rafiki yangu. Mchana mzima hakuna nyenje hata mmoja aliyelia. Tulitembea mpaka binti yangu wa miaka saba akaanza kulalamika miguu, na mwisho wake tukapata nini? Panzi mmoja. Panzi mmoja, akamrukia binti mguuni, binti akapiga yowe, "Mama, mdudu!" akavua kandambili na kumponda papo hapo.

Nilikuwa mbogo. Nilimfokea mtoto mpaka nikajishangaa. Yeye kosa lake nini? Amekulia chumba cha kupanga nyuma ya soko, mdudu anayemjua ni mende, na mende kwetu anapondwa. Mimi ndiye niliyemfundisha. Hasira zilikuwa zimeshanishika lakini sikujua nimpelekee nani, kwa hiyo nikampelekea mtoto.

Siku ya pili, kwenye mpaka wa shamba, mkorosho wa mwisho kabisa unaopakana na wafugaji, ambao dawa ilikuwa bado haijaufikia, mwanangu alipiga kelele. Nilikimbia nikidhani nyoka. Alikuwa amesimama chini ya tawi, anajipiga shingo kwa mikono miwili, analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Mama, wanachoma! Mama, wameshona majani!" Niliinua macho. Viota, labda kumi na tano, vibichi, vingine vikubwa kuliko kichwa cha mtu. Askari wa bibi. Sikujali kanga wala umri, nilikaa chini na wanangu tukawatazama asubuhi nzima. Wanavuta jani kwa kushikana viuno, mmoja anamshika mwenzake, mwenzake anamshika mwingine, na mwingine amebeba mdomoni mtoto wao anayetoa uzi, anamtumia kama mimi ninavyotumia sindano na uzi. Binti yangu, yule yule wa kandambili, alisogeza uso mpaka nikamvuta nyuma. "Mama, hawa wanafanya kazi yako," akasema.

Hapo ndipo nilipojua ninataka nini. Nilitaka ule mti ubaki bila dawa. Mmoja tu.

Jioni nikamkuta kaka anasafisha mashine ya kupulizia dawa. "Kaka, mkorosho wa mpakani uuache."

"Nikiuacha ule, ugonjwa unaanzia pale unarudi kwenye mingine yote."

"Wale askari wa bibi wako pale."

"Nawajua," akasema, wala hakuinua kichwa. "Ila bibi alikuwa na mikorosho kumi na minane na hakuna ubwiriunga. Mimi nina zaidi ya mia. Ubwiriunga ni ukungu, mdogo wangu, majimoto hali ukungu. Dawa ya ukungu na ya wadudu nachanganya, napita mara moja. Mwaka juzi nilibakiza miti, nikavuna majani. Ada ya wanangu inatoka hapa hapa."

Na mimi nikikosa jibu, natukana. Nilimwita muuaji. Nilimwita kwa jina lake kavu, mjomba wa watu, mbele ya wanangu. Nikamwambia bibi akifufuka leo akaona shamba lake, atarudi kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Mke wake akaingia ndani na kufunga mlango, watoto wakakodoa macho. Kaka alimaliza kufuta mashine yake, akasema, "Keshokutwa asubuhi napulizia. Kama unataka kuwahamisha, wahamishe." Akaenda kuswali.

Kuwahamisha wapi? Nikavuka mpaka. Upande wa pili wanakaa wale wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, miaka si mingi. Kijijini kila baya ni wao: mvua ikikosa ni wao, njia ikibomoka ni wao, na mimi nimeyasema hayo kwa mdomo huu huu. Sasa ninakwenda kwao kuomba, kwa sababu ndani ya mpaka wao ulibaki mchungwa mkubwa aliouacha mwenye shamba wa zamani, na haujawahi kuguswa na dawa. Mama mwenye nyumba alinisikiliza, mikono kiunoni.

"Wanauma?"

"Wanauma, mama, sikufichi."

"Wanaua ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi leta. Watoto wangu wanauparamia mti huo kutwa, labda sasa watatulia." Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Sisi tunafuga ng'ombe mnatusema, kumbe nyinyi mnafuga sisimizi!" Nilicheka naye, lakini ilinichoma.

Keshokutwa yake alfajiri tulikuwa mtini, mimi na wanangu, tumejipaka majivu. Mimi si msichana tena, sikuweza kupanda. Nilikata matawi ya chini kwa panga, mwanangu akashika gunia wazi, binti akashika tochi. Kiota cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wanauma, wacha! Mikono, kope, kila mahali. Mara kaka akafika, mashine mgongoni, taulo shingoni, akasimama anatazama. Na mimi sikumwachia nafasi. Kila tawi nililokata nililisindikiza na neno. Nikamwambia atazame vizuri anavyoaibishwa na watoto. Nikamwambia yeye ndiye aliyeleta moto zamani na yeye ndiye anayeleta sumu leo. Nilikuwa naongea huku nakata, nakata huku naongea.

Kaka akainua mkono akauelekeza juu ya mti, akafungua mdomo. "Mdogo wangu, kile—"

"Nyamaza! Wewe huna la kusema hapa!"

Akashusha mkono, akasubiri. Nilipopata viota saba nikasema vinatosha, tukaondoka na gunia letu linanguruma, na hatujafika hata kwa wafugaji nikaisikia mashine inawaka. Tulivifunga viota kwenye mchungwa mmoja mmoja. Nikatandaza kamba kutoka tawi hadi tawi, nikasimama nyuma nikaitazama kazi yangu, nikajiona mimi ndiye mjukuu wa kweli. Mwanangu alimchora majimoto mkono umevimba kama andazi, akaandika: anaishi kwenye mchungwa. Anakula mbu wa mikorosho. Tulirudi Nachingwea nikiwa sijamuaga kaka.

Mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kuanguka, tulikwenda Jumamosi moja kusaidia kuokota. Kabla sijashusha hata mzigo watoto walishakimbilia kwenye mchungwa. Nilipowafikia walikuwa wamesimama wanatazama juu. Viota vyote saba vilikuwa vya kahawia, vikavu, vimefunguka mishono. Nilikipasua kimoja: utando mweupe, vumbi, na sisimizi watatu wanaotembea taratibu kama wagonjwa. Hakuna kiota kipya hata kimoja kilichoshonwa. Yule mama wa wafugaji alisema hakuwagusa, watoto wake hawakuwagusa, ng'ombe hawakuwagusa. Walipungua tu, kila wiki wakapungua, akawa anawamwagia hata makombo ya dagaa. Niliona aibu kumwangalia usoni, maana nilikuja nikitafuta wa kumlaumu na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kichwani mwangu.

Wa pili alikuwa kaka. Nilirudi kwake nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamwambia sumu yako imefika mpaka kule, upepo umeipeleka, umewamaliza, furahi sasa.

Kaka aliendelea kuokota korosho. "Upepo haukwenda kule. Walikufa kwa sababu hawakuwa na mama yao."

"Mama yao nani?"

"Wana mama mmoja, mti mzima. Ndiye anayezaa. Usipomchukua yeye, hao wengine ni wa kuzeeka tu. Alikuwa kwenye kile kiota cha juu kabisa, upande wa jua, chenye majani mazito. Kila mara anakaa huko. Wewe ulichukua vya chini."

"Ulijua?"

"Bibi alinionyesha. Siku zile msituni. Na wewe ulikuwepo, ila ulikuwa umenuna."

"Ulijua, na ulisimama pale na mashine yako ukaniangalia nakata upuuzi! Mbona hukusema?"

Akanyanyuka, akajinyoosha mgongo. Kaka yangu hajawahi kunipandishia sauti, na siku hiyo pia hakupandisha. "Nilitaka kusema. Uliniambia ninyamaze."

Sasa niambie mimi nipoe vipi. Nina hasira naye, ndiyo, kwa sababu mtu mzima angesema hata akitukanwa, angenisukuma kando akapanda akakikata mwenyewe. Alisubiri dakika tano nzima halafu akawasha mashine akampulizia mama yao, huku anajua ni yeye. Nina hasira na dawa, na saruji, na lile bomba, na mimi mwenyewe nayanywa maji yake. Lakini usiku nikilala siioni mashine ya kaka. Naona kisiki, na mtoto wa kike amekaa juu yake amegeuza uso, na bibi nyuma yake ananyoosha fimbo akisema kile, kile pale. Bibi aliwafundisha wajukuu wawili tu duniani mahali anapokaa mama wa majimoto. Mmoja alisikia akawa mtu wa dawa. Mwingine alikuwa na mdomo.

Watoto walikuwa wamesimama hapo wakati wote. Binti yangu akamvuta mjomba wake shati. "Mjomba, huyo mama yao anafananaje?"

Kaka akachuchumaa kwenye unga wa salfa, akamwonyesha kwa kidole gumba. Mkubwa, mara kadhaa kuliko wengine. Ana rangi ya kijani iliyofifia. Tumbo zito, hatembei ovyo, na wenzake wamemzunguka wanamlamba. Siku zile msituni bibi alikipasua kiota kidogo tu, akachungulia, akamwonyesha kaka, kisha akakifunga tena kwa jani. Aliongea kirefu, kaka yangu asiye na maneno, na mimi nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza, nisimkatize hata mara moja.

"Tutampata wapi mwingine?" binti akauliza.

Kaka akanitazama mimi. Nami nikamwambia binti, "Muulize mjomba wako, yeye ndiye aliyesikiliza kule msituni."